Jinsi ya kujua kama kibarua wa Ayalandi alichukuliwa jeshini 1916

Kama kwenye ukoo wenu, au wa mkeo au mumeo, kuna babu wa Ayalandi aliyekuwa kibarua Uingereza wakati wa Vita ya Kwanza, usikimbilie mafaili ya jeshi. Anza na swali moja: kuanzia tarehe 15 Agosti 1915 alihesabika mkazi wa wapi?

Sheria ya Januari 1916 ya kuingizwa jeshini kwa lazima iliwashika wanaume wasiooa wa miaka 18 mpaka 40 walioishi Uingereza, Wales na Uskoti, Mei wakaongezwa waliooa, Ayalandi ikaachwa nje. Sasa wale wa Mayo na Donegal, kaunti za magharibi mwa Ayalandi, waliokuwa wanavuka bahari kila mwaka kuchimba viazi Uskoti alafu wanarudi na hela ya kodi ya shamba, hao walikuwa wapitaji tu, ila mwenzao aliyepanga chumba Glasgow na kupiga kazi mwaka mzima huyo ni mkazi, sheria inamhusu. Wengi walikuwa katikati hapo na inauma sana, maana mtu alienda kutafuta mkate tu.

Kwahiyo fungua sensa ya Ayalandi ya 1911, ipo bure mtandaoni. Angalizo, ilihesabiwa tarehe 2 Aprili kabla msimu wa viazi haujaanza, kumkuta nyumbani haimaanishi hakuwa anavuka. Alafu cheki sensa ya 1921 ya Uingereza au ya Uskoti, Ayalandi mwaka huo haikufanyika.

Ndo uende kwenye mafaili ya jeshi sasa. Ukikosa faili lake usikate tamaa, zaidi ya nusu ziliungua kwa mabomu London Septemba 1940, tafuta kadi za medali, yaani orodha ya waliopewa medali kwa kutumikia nje, japo aliyebaki Uingereza muda wote kwa kawaida hana. Karatasi za mabaraza yaliyosikiliza maombi ya kusamehewa kwenda jeshini nyingi ziliharibiwa makusudi baada ya vita, za Middlesex karibu na London na za Lothian na Peebles huko Uskoti zimebaki, kwingine soma magazeti ya mji husika.

Na mkisimuliwa kwamba alikamatwa kwa nguvu kijijini Mayo akapelekwa jeshini, hapo ulizeni tena. Aprili 1918 London ilipitisha sheria ya kuwafikia hata Ayalandi, watu wakagoma nchi karibu nzima tarehe 23, haikutekelezwa kamwe. Ina maana alijitolea, au alichukuliwa akiwa ng'ambo.

Kwa Vita ya Pili hesabu ni nyingine: kibarua aliyetoka Ayalandi alianza kuitwa akishakaa miaka miwili Uingereza, kwahiyo tafuta tarehe kwenye kibali chake cha kusafiri kwanza.