Somo: Faji lambda inavyovuka alama za kukomea

Wengi tukitaka kujua kama jeni imewashwa, tunakimbilia promota, sehemu ya DNA ambapo kunakili huanzia. Kwa lambda, kirusi cha bakteria E. coli, hiyo ni nusu ya habari. Polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA kuwa RNA, huanza kunakili vizuri tu, ila jeni za mbele hazifikiwi kwa sababu njiani imewekewa alama za kukomea. Chora mstari wa DNA, twende.

1. DNA ya lambda ikishaingia, polimerasi ya bakteria huanza kwenye promota PL na PR. Upande mmoja hunakiliwa jeni N, wa pili cro. Mbele kidogo kuna alama za kukomea, tL1 na tR1. Hapo protini ya bakteria iitwayo Rho huing'oa RNA, na kazi karibu yote inaishia hapo. Rho yenyewe Jeffrey Roberts aliigundua mwaka 1969 akichunguza lambda hii hii.

2. Hapa ndipo penye utamu. Protini N haishiki DNA. Inasubiri RNA itoke, kisha inang'ang'ania kitanzi kiitwacho boxB kwenye kipande cha RNA hiyo kiitwacho nut. Protini za bakteria NusA, NusB, NusE na NusG zinajiunga, na kundi zima linapanda juu ya polimerasi. Kuanzia hapo alama za kukomea haziisimamishi tena.

3. Sasa zinafikiwa jeni za mbele: cII, cIII, O, P, na mwishoni Q.

4. Promota nyingine, PR', huwa inafanya kazi muda wote, lakini RNA yake hukatika kwenye alama ya kukomea baada ya nukleotidi (herufi za RNA) 194. Protini Q, tofauti na N, hushika DNA. Ikiwepo, polimerasi inapita hadi jeni za kupasua bakteria na za kujenga kichwa na mkia wa kirusi.

MASWALI

Mkuu, hiyo alama ya nukleotidi 194 nayo inahitaji Rho?
Hapana. RNA hujikunja kitanzi chenye G na C nyingi, kikifuatiwa na mlolongo wa U. U na A hushikana kwa ulegevu, hivyo RNA inachomoka yenyewe.

NusE ni protini ya kazi hiyo tu?
Wala. Ni S10, protini ya ribosomu. Lambda imeiazima.

Je, kirusi kingine kinaweza kuitumia nut dhidi ya lambda?
Ndiyo. Faji HK022 ina protini Nun, inayoshika boxB ile ile ya lambda. Badala ya kuipitisha polimerasi, inaigandisha pale pale. Bakteria mwenye HK022 ndani yake, lambda haimwezi.