Kufundisha Fiziolojia ya Mazoezi na Biomekanika katika Kozi Moja

Katika chuo cha ualimu ninakofundisha hapa Mtwara, fiziolojia ya mazoezi (jinsi moyo, mapafu na misuli vinavyofanya kazi mwili unapojishughulisha) na biomekanika (nguvu na mwendo wa viungo vya mwili) zilikuwa na wakufunzi wawili, na wanachuo walijibu maswali ya kila upande bila kutambua kwamba mwili unaozungumziwa ni uleule. Tulipoziunganisha, utaratibu huu ndio uliotufaa.

Hatua ya kwanza: anza na tendo moja, wala usianze kwa kuunga mihtasari miwili. Mimi huchagua kubeba maji kichwani, kazi ambayo wanachuo wangu wengi, hasa waliokulia Newala, waliijua tangu utotoni.

Hatua ya pili: pimeni gharama ya kazi hiyo. Mwanachuo hutembea dakika 5 bila mzigo, hupumzika, kisha hurudia kwa kasi ileile akiwa na ngata na ndoo. Mwenye kilo 60 hubeba kilo 12, yaani asilimia 20 ya uzito wake. Anaposimama tu, mwenzake huhesabu mapigo kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Fanyeni asubuhi, juu ya ardhi ngumu. Mwaka wa kwanza nililipeleka darasa ufukweni saa nane mchana, na mapigo yakapanda kwa wote, kwa kuwa mchanga hula nguvu na joto huulazimisha moyo kupeleka damu zaidi kwenye ngozi. Hatukuweza kujua mzigo ulichangia kiasi gani.

Hatua ya tatu ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko zote. Bandika plasta nyeupe kwenye nyonga, rekodi kwa simu kutoka ubavuni, kisha wanachuo wachore njia ya plasta hiyo, picha baada ya picha. Wataona nyonga ikipanda mwili unapopita juu ya mguu uliosimama, na ikishuka miguu yote miwili inapogusa chini, mithili ya pendulamu iliyogeuzwa, yaani fimbo inayobembea juu ya ncha yake ya chini: nishati mwendo hugeuka nishati tuli (ile ya kuwa juu), kisha hurudi, na misuli hufidia kinachopotea tu. Hapo ndipo ninapowaeleza kwamba mwaka 1986 watafiti waliowapima wanawake nchini Kenya waliona mzigo wa kichwani wa hadi asilimia 20 ya uzito wao hauwaongezei matumizi ya oksijeni, na kwamba ufafanuzi ulikuja mwaka 1995, vipimo vya nguvu ambazo nyayo husukuma nazo ardhi vilipoonyesha kuwa mabadilishano hayo ya nishati huboreka wanapobeba. Fiziolojia iliuliza, biomekanika ikajibu. Tafiti za baadaye hazikuukuta unafuu huo kwa kila mbebaji, kwa hiyo usimruhusu mwanachuo kurekebisha namba zake ili zifanane na za kitabuni.

Hatua ya nne: tunga swali la mtihani lenye jedwali la mapigo pamoja na mchoro wa nyonga, na jibu linalotumia kimoja tu lisivuke nusu ya alama.