SOMO: Kuwasha kaseti ya Challenge of the Dragon kwenye NES ya zamani (mashine ya gemu ya Nintendo)

Wakuu, hii gemu ya kung fu ya mwaka 1990 ya kampuni ya Color Dreams ya Marekani watu wanaiagiza, inafika, wanachomeka, kioo kinawaka na kuzima kila sekunde na taa nyekundu inapepesa, basi wanajua wameuziwa mbovu. Mara nyingi kaseti ni nzima kabisa. Color Dreams hawakuwa na leseni ya Nintendo, na NES ndani ina chipu ya ulinzi inayoongea na mwenzake ndani ya kaseti, isipojibiwa inairudisha mashine mwanzo kila sekunde. Wao wakaweka saketi inayoipiga ile chipu shoti ya umeme izubae gemu ipite, yaani nawaheshimu sana kwa hilo. Nintendo wakashtukia, mashine za baadaye wakaziongezea kinga, ndo maana kaseti hiyohiyo kwa mwenzio inawaka kwako inagoma.

Hatua ya 1: umeme. Adapta ya NES ya Marekani ni ya volti 120, ukiichomeka moja kwa moja ukutani kwetu imekufa. Tafuta stepdauni, yaani transfoma ya kushusha umeme wa ukutani.

Hatua ya 2: safisha meno ya kaseti kwa IPA (spiriti ya isopropyl) ile ya mafundi simu na pamba za masikio, pande zote mbili, mpaka pamba itoke nyeupe, acha ikauke. Usipulize kwa mdomo, unyevu wa mate unakula meno, na msasa usiguse kabisa.

Hatua ya 3: ikiendelea kupepesa, chomoa umeme, fungua mashine, tafuta chipu iliyoandikwa 3193A, pini ya 4 ikate au inyanyue taratibu. Mkono ukitetemeka mpe fundi.

MASWALI

– Mkuu mi nna ile mashine ya gemu ya kichina ya kitambo, kaseti haiingii.
Haiwezi, NES ni pini 72, za kichina nyingi ni 60 kama Famicom, yaani NES ya Japani. Nunua adapta ya 72 kwenda 60. Hizo hazina chipu ya ulinzi so hatua ya 3 achana nayo. Ila adapta ya umeme ya NES usiichomeke humo, inatoa AC, utaunguza.

– Nikikata pini, gemu zangu orijino zitacheza?
Zote zitacheza, bila shida.

– TV yangu ya chogo inaonyesha nyeusi na nyeupe tu??
Mashine hiyo inatoa picha ya NTSC, mfumo wa rangi wa Marekani, TV yako ni ya PAL, mfumo mwingine. Jaribu flati skrini kwa waya za AV, nyingi zinakubali.

– Mi nina faili tu la gemu, emuleta (programu ya kuigiza NES kwenye kompyuta au simu) inaleta giza.
Color Dreams walitumia bodi yao wenyewe, kwenye emuleta ni mapa (namba ya aina ya bodi) namba 11, cheki hida, yaani maelezo ya mwanzo wa faili. Na hakikisha ni ya Color Dreams kweli, maana Sachen wa Taiwan nao wana gemu ya jina hilohilo na ni kitu kingine kabisa.