Kufunga spika za gari: anza na mlango

Spika ya nyumbani huja na boksi lake, lililopimwa na mtengenezaji. Ya gari huja bila boksi, na boksi lake ni mlango: bati jembamba lenye matundu, fito za kitasa na kioo kinachopanda na kushuka. Ndiyo maana spika ya bei ya kati kwenye mlango ulioandaliwa huishinda ya bei ghali iliyopachikwa juu ya matundu. Nimelisikia hilo kwenye gari baada ya gari, na mwongozo huu umejengwa juu yake.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua

Toa waya hasi wa betri. Tafuta skrubu zilizofichwa nyuma ya kishikio cha mlango, zifungue, kisha vuta klipu za paneli taratibu ukianzia chini. Pima kipenyo cha tundu, inchi 6.5 ndiyo inayokutwa zaidi. Kipimo kinachosahaulika ni kina. Shusha kioo hadi mwisho, halafu pima kutoka ukingo wa tundu hadi kwenye kioo. Sumaku ya spika lazima ibaki mbali nacho.

Hatua ya 2: Chagua kwa vipimo

Usidanganyike na wati kubwa zilizoandikwa kwenye kifungashio, hizo ni za mlipuko wa muda mfupi. Tafuta wati za RMS, yaani nguvu ambayo spika huibeba mfululizo. Redio iliyoandikwa wati 50 mara 4 kwa kawaida hutoa kama 15 hadi 22 tu kwa kila spika. Kwa hiyo kama huna amplifaya, tazama usikivu, yaani ukubwa wa sauti ambayo spika hutoa kwa nguvu ileile, unaopimwa kwa desibeli: kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuongeza nguvu maradufu. Spika ya desibeli 92 ikipewa wati 15 husikika sawa na ya 89 iliyopewa 30. Omu, kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme, kwa kawaida ni 4. Za omu 2 usizifunge kwenye redio isiyoandikwa kuwa inazikubali.

Kwa mbele nashauri seti zenye twita (spika ndogo ya sauti za juu) ya peke yake na krosova, kifaa kinachogawa sauti za juu na za chini. Sauti za juu husafiri kwa mstari ulionyooka, na twita iliyo chini karibu na mguu hupotea. Ipandishe karibu na kona ya kioo, uelekeo wake ukutazame kidogo. Pesa yako ielekeze mbele. Spika za nyuma zinaweza kusubiri.

Hatua ya 3: Andaa mlango

Hapa usiharakishe. Koni, sehemu ya spika inayotetemeka, ikisukuma hewa mbele, nyuma yake huvuta. Hewa hizo mbili zikikutana kupitia matundu, zinafutana, na besi hufa.

Safisha bati kwa spiriti, likauke. Bandika shiti za butili (mpira mzito unaonata) kwenye bati la nje, nyuma ya spika, ukizikandamiza kwa rola hadi zishike. Huhitaji kufunika bati lote, vipande vilivyokaa katikati ya sehemu pana hutosha kuua mtetemo. Kisha ziba matundu makubwa ya bati la ndani, ukiacha fito za kitasa zicheze. Matundu madogo ya chini kabisa usiyaguse: ndiyo hutoa maji ya mvua.

Kati ya spika na bati weka ringi ya plastiki. Ya mbao hunyonya maji na kuvimba, labda uipake rangi pande zote. Zungushia spika sponji inayofika hadi kwenye paneli, ili sauti itoke nje badala ya kuzunguka ndani. Jaribu kioo na loki kabla ya kurudisha paneli.

Hatua ya 4: Chanya kwa chanya

Spika moja ikigeuzwa nyaya, besi hupungua na sauti ya mwimbaji haijulikani inatoka wapi. Gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye nyaya kwa sekunde moja: chanya ikiwa kwa chanya, koni husogea nje. Pima kila spika.

Ukiongeza amplifaya, fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka betri, waya wa ethi uwe mfupi na ushike bati lililokwanguliwa rangi. Nyaya za muziki zipite upande mwingine na waya wa umeme.

Hatua ya 5: Rekebisha sauti

Rudisha besi na trebo kwenye sifuri. Kata sauti za chini ya hezi 80 kwenye spika za milango. Hizo mpe sabufa kama ipo. Geini, kiwango cha ukuzaji cha amplifaya, huwekwa kwa multimita (kipima umeme), si kwa sikio. Chomoa spika, cheza toni ya hezi 1,000, redio ikiwa robo tatu ya sauti yake, upime volti kwenye matokeo ya spika ya amplifaya. Volti unayolenga ni kipeuo cha pili cha wati mara omu: wati 50 kwa omu 4 ni volti 14.1.

Kama redio ina kipengele cha kuchelewesha sauti, chelewesha spika iliyo karibu nawe ili sauti zote zikufikie pamoja. Sauti husafiri takribani sentimita 34 kwa milisekunde. Spika moja ikiwa sentimita 90 na nyingine 141, tofauti ni 51, hivyo ya karibu icheleweshwe milisekunde 1.5.

Mwisho, cheza toni inayopanda polepole kutoka hezi 80 hadi 200, mkono ukiwa juu ya paneli. Pale unapobonyeza na kelele ikakoma, fungua uweke sponji.