Unauza vikapu Ulaya? Piga hesabu ya kodi kabla hujataja bei

Wengi siku hizi mnauza vikapu vya ukili, bangili za shanga na vinyago kwa wateja wa nje kupitia Instagram na WhatsApp, na malalamiko ni yale yale, mzigo umefika Ujerumani, mteja anaambiwa alipe tena, anagoma, mzigo unarudi au unapotelea huko huko. Kiukweli mara nyingi posta mnawaonea. Bei ilitajwa kabla kodi haijapigiwa hesabu, na mteja wa kule akishakutumia hela anajua kamaliza.

Tuanze na nchi za Umoja wa Ulaya. Zamani kifurushi kisichozidi euro 22 kilikuwa kinapita bila VAT (kodi ya ongezeko la thamani), msamaha huo ulifutwa 1 Julai 2021, sasa hivi hata bangili ya euro 5 inalipiwa. Kiwango ni cha nchi ya mteja, Ujerumani asilimia 19, Ufaransa 20, Sweden 25. Ushuru wa forodha ni kitu kingine kabisa msichanganye, huo ulikuwa unaanza mzigo ukizidi thamani ya euro 150, ila Desemba 2025 mawaziri wao wa fedha walikubaliana kwamba kuanzia 1 Julai 2026 hata mizigo ya chini ya hapo itozwe euro 3 kwa kila aina ya bidhaa, kwa hiyo kikapu na kinyago na bangili kwenye boksi moja hizo ni aina tatu.

Sasa hesabu yenyewe. Kikapu euro 60, usafiri euro 40. VAT ya Ujerumani mzigo ukiingia haipigwi kwenye 60, inapigwa kwenye 100 maana nauli nayo inahesabiwa, hapo tayari ni euro 19, na aliyeleta mzigo anaongeza ada yake ya kushughulika na forodha. Mtu hajawahi kukuona, unadhani atakuelewa?

Ukiuza kupitia masoko makubwa ya mtandaoni kama eBay au Etsy, kwa mzigo usiozidi euro 150 soko lenyewe linamkata mteja VAT pale anapolipa, halafu wewe unapewa namba ya IOSS, ile inayoonyesha VAT imeshakatwa, inaanza na IM ikifuatiwa na tarakimu 10. Hiyo namba hakikisha inaingizwa kwenye taarifa za kielektroniki za mzigo, wasipoiona forodhani mteja anatozwa mara ya pili na hapo ndo vurugu linapoanza. Ukiuza mwenyewe WhatsApp itabidi utafute wakala aliyeko Ulaya akusajilie IOSS, na hafanyi bure, kwa oda mbili tatu za mwezi haikulipi. Mi naona bora utume kwa DDP kupitia kampuni za vifurushi kama DHL, yaani kodi analipa mtumaji na wewe umeshaiweka kwenye bei. Ukichagua DAP maana yake atalipa mpokeaji, basi mwambie kwa maandishi na makadirio umpe, kabla hajatuma hela sio baada.

Uingereza wana utaratibu wao tangu 1 Januari 2021, mstari wao ni pauni 135. Mzigo usipozidi hapo VAT ya asilimia 20 inakusanywa kwenye mauzo, ukiuza kwenye soko la mtandaoni wanakukatia wao, ukiuza moja kwa moja sheria inakutaka wewe ujisajili HMRC, mamlaka yao ya kodi. Ukizidi, VAT na ushuru vinalipwa mzigo ukiingia. Marekani nao ule msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800 waliusimamisha kwa nchi zote 29 Agosti 2025, na viwango vyao vimekuwa vikibadilika badilika, angalia siku ile ile unayotoa bei.

Kuna sehemu watu wanalipa bure. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa zimo kwenye mpango wa Ulaya unaoitwa Everything But Arms, na Kenya ina mkataba wake wa biashara na Ulaya, EPA, ulioanza 1 Julai 2024, kwa hiyo bidhaa iliyotengenezwa kwetu kweli kweli ushuru wa forodha unaweza kuwa sifuri (VAT iko pale pale). Mzigo usiozidi euro 6,000 unaandika tu tamko la asili ya bidhaa kwenye invoisi, kwa maneno yale yale rasmi yanayotakiwa. Ila kitenge cha China hakigeuki cha Tanzania kwa sababu umekinunua Kariakoo.

Kwenye fomu ya posta, CN22 au CN23 kwa mzigo wa thamani kubwa, usiandike "zawadi" wala "vitu vya mikono" ukaishia hapo. Andika ni kikapu, cha ukili, kimoja, thamani yake halisi, na msimbo wa HS, namba ile ya kutambulisha bidhaa: vikapu 4602, mapambo ya mbao na vinyago 4420, bangili za shanga 7117. Wateja wenyewe ndo watakuomba uandike ni zawadi ili wakwepe, usikubali, bidhaa iliyolipiwa sio zawadi na jina kwenye fomu ni lako.

Wenye vinyago vya mpingo, mti huo uko Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017. Bidhaa iliyokamilika ambayo mbao yake haizidi kilo 10 kwa mzigo imesamehewa kibali cha CITES, gogo na mbao ghafi hapana. Magamba ya ng'amba na pembe za ndovu usiguse kabisa. Na tangu 13 Desemba 2024 Ulaya wanataka bidhaa mpya ya mlaji iwe na mtu au kampuni iliyoko kwao ya kuwajibika kwa usalama wake, jina na anwani viwe kwenye bidhaa au kifungashio, wauzaji wadogo wengi hili hawalijui.

Mwisho pima boksi, usipime kilo tu. Kampuni za vifurushi zinazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita halafu zinagawa kwa 5,000, kwa hiyo boksi la 40 kwa 40 kwa 40 linahesabiwa kilo 12.8 hata kama kikapu chenyewe hakifiki kilo 2. Ukili unakunjika, ulaze, au uza seti inayoingiana kimoja ndani ya kingine, nauli ikishuka na VAT inashuka.