Somo: Kupiga picha za michezo ya ukumbini yenye mwendo wa kasi, kwa anayeanza

Wiki hii pekee nimeulizwa mara nne kwa nini picha za mpira wa kikapu zilizopigwa ukumbini hutoka kama moshi uliovaa jezi, na mara zote nne nimeandika jibu lilelile. Leo naliandika kwa utaratibu ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Somo linamhusu mwenye kamera ya kawaida inayobadilishwa lenzi, awe anapiga mpira wa kikapu, wavu, mikono, vinyoya, judo au mchezo mwingine wowote unaochezwa chini ya paa.

Kwanza ieleweke kwamba jicho lina tabia ya kuzoea kiza bila kukuarifu. Ukumbi unaouona mweupe pe ni kiza cha magharibi kwa kamera, kwa kuwa unaitaka ikusanye mwanga wake wote ndani ya sehemu 1/1000 ya sekunde. Karibu kila hatua iliyoko hapa chini ni namna ya kulipa deni hilo la mwanga.

Hatua ya 1. Chaji betri mbili na ufute picha za zamani kwenye kadi ya kumbukumbu kabla ya kutoka nyumbani.

Hatua ya 2. Zima flashi. Humsumbua mchezaji, jimnastiki huikataza, na ile ndogo iliyo juu ya kamera haifiki mbali hata ukiruhusiwa kuitumia.

Hatua ya 3. Funga lenzi yenye tundu pana, yaani uwazi unaopitisha mwanga; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi. Lenzi ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera huishia f/5.6 ikivutwa hadi mwisho, ilhali lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa zilizo nafuu zaidi, hupitisha mwanga unaokaribia mara 10 ya huo. Haina zumu, kwa hiyo miguu yako ndiyo itakayokuwa zumu. Mwenye lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8 ashukuru na aruke mpaka hatua ya 4.

Hatua ya 4. Weka kamera kwenye modi ya M, ambayo unapanga kila kitu mwenyewe, kisha upange namba kwa mfuatano huu: kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) 1/1000 ya sekunde, au 1/500 ukibanwa sana, tundu lifunguliwe hadi mwisho wake, ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga) ipande mpaka nyuso za wachezaji zionekane vizuri, hata ikifika 6400. Wanaoanza huiogopa ISO kubwa kuliko wanavyoogopa ukungu wa mwendo, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu chenga, yaani vidoadoa vinavyoletwa na ISO kubwa, hupunguzwa kwenye kompyuta lakini mkono uliogeuka utepe haurudi kuwa mkono. Kuipiga picha ikiwa na giza kwa ISO 1600 kwa nia ya kuiangaza baadaye hakukuokoi, kwani chenga zitajitokeza vilevile na mara nyingi zitazidi. Nasisitiza modi ya M kwa kuwa mwanga wa ukumbi haubadiliki sana kutoka mwanzo wa mchezo hadi mwisho, ilhali kipimo cha kamera hubabaishwa na kila jezi nyeupe na kila ukuta mweusi unaopita mbele yake. Pima kwenye uso wa mchezaji wakati wa kupasha misuli, kisha uache kuchezea vitufe.

Hatua ya 5. Chagua ulengaji endelevu, unaoandikwa AF-C katika kamera nyingi na AI Servo katika baadhi ya Canon. Weka alama ya kulenga kwenye kifua cha mchezaji, na uanze kubonyeza kitufe nusu kabla ya tukio ili kamera iwe imeshamshika.

Hatua ya 6. Shughulikia taa zinazopepesa. Hii ndiyo iliyonitia aibu, kwa hiyo nitakaa nayo. Katika fainali yangu ya kwanza ya mpira wa wavu nilikuwa nimepanga kila kitu kama nilivyoeleza hapo juu, nikapiga picha zaidi ya 600, na usiku nilipozifungua nikakuta fremu tatu zilizofuatana ndani ya sekunde moja zinatofautiana kama zimepigwa katika kumbi tatu: ya kwanza safi, ya pili yenye rangi ya chai, ya tatu nusu yake ya chini ikiwa imefunikwa na utando mweusi. Niliamini shata imekufa. Niliipeleka kamera kwa fundi, naye akanirudishia akicheka, akaniambia nikatazame taa.

Umeme wa mkondo geu wa hezi 50 huifanya taa iwake na kufifia mara 100 kwa sekunde, na ule wa hezi 60 mara 120. Kwa 1/1000 unakata kipande kidogo tu cha mpigo mmoja, kwa hiyo fremu moja huangukia kwenye kilele cha mwanga na nyingine kwenye bonde lake, na taa nyingi za umeme zenye gesi ndani hubadilika hata rangi zinapofifia. Utando mweusi hutokea kwa sababu kwa kasi hiyo shata haifunguki yote kwa pamoja bali hupitisha mwanya mwembamba mbele ya kihisi (sehemu ya kamera inayopokea picha), na taa hufifia mwanya ukiwa bado njiani.

Tiba ni kuwasha kizuia-kupepesa, ambacho Canon ilikileta katika EOS 7D Mark II mwaka 2014 na sasa kimo katika menyu za kamera nyingi. Hicho husubiri kilele cha mwanga ndipo kiruhusu shata, na gharama yake ni kwamba mfululizo wa picha hupungua kasi kidogo. Angalieni mambo matatu. Msitumie shata ya kielektroniki, ile isiyosogeza pazia, ukumbini, kwa kuwa katika kamera nyingi huchora mistari. Msikimbilie 1/100 ili kuukwepa mpepeso, kwa kuwa mtapata rangi nzuri na mchezaji asiyetambulika. Na kabla ya mchezo kuanza, pigeni fremu 10 mfululizo zikielekea ukuta mweupe kwa 1/1000, mzilinganishe. Dakika moja ya ukuta ingeniokolea fainali nzima.

Hatua ya 7. Pima rangi kwa karatasi nyeupe chini ya taa zilezile, au hifadhi faili ghafi (RAW), ambayo rangi yake hurekebishwa baadaye.

Hatua ya 8. Kaa chini. Mchezaji anayepigwa picha kutoka usawa wa goti huonekana ameruka juu zaidi, na nyuma yake hupatikana dari badala ya viti vitupu. Katika kikapu kaa nyuma ya mstari wa mwisho, pembeni ya goli, na usisahau kwamba lenzi ndefu hukuficha mchezaji anayekuangukia.

Hatua ya 9. Subiri kilele cha mruko. Anayeruka husimama hewani kwa kitambo kifupi kabla ya kushuka, na kwa kitambo hicho hata 1/320 inaweza kutosha. Ukiuona mpira umeshagusa mkono ndipo ubonyeze, umechelewa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mgeni Ukumbini: Mwalimu, asante kwa somo refu. Kwa kifupi, niweke namba gani, na ninunue kamera gani?

Jibu: Namba ziko katika hatua ya 4. Kamera ni hiyo uliyo nayo.

Fremu Safi: Naona unawapotosha wanafunzi. Mimi sivuki ISO 400, napiga kwa 1/60, na picha zangu hazina chenga hata moja.

Jibu: Sina shaka kwamba kuta na viti vinatoka safi. Tuwekee moja yenye mchezaji anayekimbia, tuendelee na mjadala.

Jicho Pembeni: Samahani mwalimu, nimeona jambo linanitatiza. Kwa 1/400, wachezaji wanaonijia moja kwa moja wanatoka vizuri, lakini wanaopita mbele yangu kutoka kushoto kwenda kulia wanakuwa na ukungu, ingawa kasi yao ni ileile. Kwa nini?

Jibu: Swali zuri, na umeangalia vizuri. Kinachotia ukungu ni umbali ambao taswira ya mchezaji inasafiri juu ya kihisi wakati shata iko wazi, si kasi yake uwanjani. Anayekujia huongezeka ukubwa kidogo tu, ilhali anayekatiza husogea kuufuata upana wa fremu. Anayekujia ana ugumu wake mwingine, kwamba umbali wa kulenga hubadilika kila mara, ndiyo maana hatua ya 5 haina mjadala. Kwa anayekatiza unaweza pia kuugeuza udhaifu kuwa mtindo: shusha shata hadi 1/60, mfuate kwa kuzungusha kiuno bila kusimama hata baada ya kubonyeza, na uso utabaki umetulia huku ukuta ukigeuka michirizi. Tarajia kutupa picha 9 kati ya 10.

Taa Nne: Nimewasha kizuia-kupepesa, lakini bado baadhi ya fremu zina rangi ya udongo. Shata ni ya kawaida, nimehakikisha.

Jibu: Je, kuna mbao za matangazo za LED karibu na uwanja? Hizo zina mapigo yao, na kizuia-kupepesa hutafuta yale ya 100 na 120 tu. Jaribu kugeukia upande usio na ubao uone kama rangi inatulia.

Taa Nne: Ni kweli, ubao ulikuwepo nyuma ya goli la kulia. Nimehamia kushoto, na tatizo limekwisha.

Goti Gumu: Naongeza dokezo dogo kwa hatua ya 8. Nunueni vikinga-goti vya mafundi wa vigae. Nilipiga michezo miwili bila hivyo, nikashuka ngazi kinyumenyume.

Ukuta wa Kioo: Na sisi tunaopiga skwoshi nyuma ya kioo je? Kila picha ina taa ya dari inayong'aa katikati.

Jibu: Gandamiza mdomo wa lenzi kwenye kioo, ukiwa umevalisha kikinga-mwanga cha mpira laini, ili mwanga wa nyuma yako usipate pa kuingilia. Simama wima mbele ya kioo, maana ukiinamisha kamera upande, mwanya hurudi na kioo hupunguza ukali wa picha. Na beba kitambaa, kwa sababu mchezo ukifika katikati kioo kitakuwa na alama za jasho kwa upande wa ndani, na mapumziko kati ya seti ndiyo nafasi yako pekee ya kumwomba mtu aliye ndani akufutie.