Kurudisha uwezo wa kupanga na kuamua baada ya msongo wa muda mrefu

Mtu aliyeishi na msongo wa mawazo kwa miezi mingi hushika simu ili anunue umeme, akasoma ujumbe ulioingia, kisha akairudisha mezani, na akakumbuka tu taa zinapozimika usiku. Asijiite mvivu. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayopanga, inayoshikilia hatua inayofuata na kuzuia papara, huathirika sana mwili unapokaa muda mrefu katika hali ya hatari.

Athari hiyo inaweza kurekebika. Mwaka 2009 Conor Liston na wenzake wa New York walichapisha uchunguzi wa wanafunzi 20 wa udaktari waliokuwa wamekaa mwezi mzima wakijiandaa kwa mtihani mkubwa: walipata shida kuhamisha umakini kutoka jambo moja hadi jingine, lakini baada ya mwezi wa nafuu uwezo huo ulirejea. Hao walikuwa vijana wenye afya, kwa hiyo aliyebeba mzigo kwa miaka asijipimie kwa mwezi mmoja.

Anza na usingizi, nami naona si busara kuhangaikia mbinu nyingine kabla haujatengemaa. Lala na uamke kwa saa zilezile, upate angalau saa 7, na simu ilale chumba kingine.

Kisha uuondolee ubongo kazi ya kukumbuka. Tenga daftari moja, na kila jambo uliandike pamoja na wakati wake na tendo litakalolitangulia. Usiandike "bima", andika "Jumanne, nikishamaliza chai ya asubuhi, nitapiga simu kuuliza tarehe ya malipo." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba nia iliyofungwa hivyo hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Mambo matatu kwa siku yanatosha; yanayobaki mkabidhi ndugu au mwenzako kazini, kwa maana ubongo haupati nafuu chini ya mzigo uleule uliouchosha.

Tembea kwa kasi dakika 30, siku 5 kwa wiki.

Usingizi ukigoma, au huzuni ikidumu wiki 2, nenda hospitali, kwa kuwa sonona, upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huleta usahaulifu wa namna hiyohiyo. Nenda na daftari lako, umwonyeshe daktari yale uliyoyaandika na hukuweza kuyatenda.